Maswali ya Wasomaji: Kipolandi na mkia wake, mbona "nowy" inageuka "nowa" halafu "nowe"?

Mwezi huu karibu barua zote zilizofika zinauliza jambo moja, kivumishi cha Kipolandi kufuata jinsia ya jina, yaani nomino. Zimetoka Lublin, zimetoka Gdańsk, moja imetoka Arusha, na wengi mnaandika kama watu waliokata tamaa, kwa hiyo nimeamua safu nzima iwe ya jambo hilo hilo tu, mengine yatasubiri.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Lublin, nasoma mwaka wa lugha kabla ya kuingia chuo. Wiki ya pili tu mwalimu kaandika ubaoni nowy, nowa, nowe, akasema zote maana yake "mpya" ila inategemea jinsia ya neno. Sasa meza ina jinsia gani jamani? Dirisha je? Wenzangu wa kutoka Ukraine wanajibu haraka haraka, mimi nabaki nimekodoa macho.
Msomaji, Lublin

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wa Ukraine wanajibu haraka kwa sababu lugha yao ni ndugu wa Kipolandi na ina jinsia hizo hizo, lakini wewe nawe hujaenda mikono mitupu. Hebu niambie, mtu akikwambia "gari kipya" au "kitabu jipya", sikio lako linafanyaje? Linakwaruzika si ndio? Hakuna aliyekukalisha chini ukiwa na miaka mitatu akakufundisha kwamba gari ni jipya, kitabu ni kipya, nyumba ni mpya, ila unajua, na ukikosea mdomo wenyewe unakataa. Basi Mpolandi akisikia "nowy szkoła" badala ya "nowa szkoła" (shule mpya) anakwaruzika hivyo hivyo. Kinachotokea ni kile kile tulichokiita shuleni upatanisho wa kisarifi, ila sisi tunaubandika kichwani mwa neno, wao wanaubandika mkiani.

Tena wao wana makundi matatu tu kwenye umoja, sisi ngeli zetu ukizihesabu unazidi kumi. Hilo neno "jinsia" ndo linawatisha watu bure. Meza haina uume wala uke wowote, ni kundi tu, kama vile kiti na kijiko vimo kundi moja na hakuna anayeuliza kwa nini.

Kundi unalijua kwa kuangalia neno limeishia na nini. Likiishia konsonanti ni la kiume: dom (nyumba), stół (meza), chleb (mkate), samochód (gari). Likiishia -a ni la kike: szkoła (shule), książka (kitabu), kawa (kahawa). Likiishia -o, -e, -ę au -um ni la katikati, wao wanaita nijaki: okno (dirisha), krzesło (kiti), morze (bahari), imię (jina), muzeum. Halafu kivumishi kinafuata, nowy stół, nowa szkoła, nowe okno. Kwa hiyo majibu yako ni hayo, meza kiume, dirisha katikati. Kivumishi chenye k au g kabla ya irabu ya mwisho hakipendi y, kinachukua i: wysoki, wysoka, wysokie (refu), drogi, droga, drogie (ghali). Na kuna wachache laini kama tani, tania, tanie (rahisi wa bei).

Sasa nikupe kitu ambacho mimi kilinifungua macho, maana majedwali ya vitabuni nilikuwa nayakariri jioni asubuhi yameyeyuka. Angalia salamu unazotoa kila siku. Dzień dobry, neno dzień (siku) ni la kiume ndo maana dobry (njema). Dobry wieczór, wieczór (jioni) la kiume tena. Na usiku unapoagana unasema dobranoc, hiyo ni dobra na noc zimeunganishwa, usiku kwao ni wa kike. Umekuwa ukipatanisha vizuri tangu siku ya kwanza bila kujua! Kalenda nayo ni hivyo hivyo, Nowy Rok ni Mwaka Mpya, Pasaka ni Wielkanoc yaani "usiku mkuu", Krismasi ni Boże Narodzenie, hapo una kiume, kike na katikati ndani ya mwaka mmoja. Ukipanda treni ukaona Nowy Targ (soko jipya) au Zielona Góra (mlima wa kijani), au ukashuka mjini ukaona kibao cha Stare Miasto, ambayo ni kama tunavyosema Mji Mkongwe au Mji wa Kale, simama usome mkia. Hayo majina hayasahauliki kwa sababu umefika mahali penyewe.

Na daftari lako la msamiati, acha kuandika jina peke yake. Andika ten stół, ta szkoła, to okno (meza hii, shule hii, dirisha hili, ndo maana yake), uwe unakariri pamoja, kama tulivyokariri kitabu na vitabu.

SWALI: Mwalimu, nimeambiwa neno likiishia -a ni la kike. Nikamwambia mama mwenye nyumba "moja tata" yaani baba yangu, akacheka sana akasema "mój tata". Sasa nishike lipi? Halafu ukasema noc ni ya kike wakati haina -a. Hii sheria ina kazi gani?
Dada, Warszawa

JIBU: Dada yangu sheria inafanya kazi, ila inapokutana na mtu inampisha mtu. Na hili usiseme ni la Wapolandi tu. Kijana, kiongozi, kipofu, kwa sura yao wangekuwa kundi la kiti na kijiko, lakini nani anasema "kiongozi kizuri kimefika"? Unasema kiongozi mzuri amefika, kijana mrefu, hata kifaru ni mkubwa na si kikubwa, kwa sababu ni kiumbe hai na maana inashinda umbo. Basi tata ana -a mwishoni lakini ni mwanaume, kwa hiyo mój tata, wysoki tata. Ndugu zake ni kolega (mwenzako wa kazini au darasani), kierowca (dereva), dentysta, turysta, artysta, poeta, na mwenyewe mężczyzna ambaye maana yake ni mwanaume. Nowy kierowca, dobry kolega.

Upande wa pili ndo wenye kazi kidogo, maneno ya kike yaliyoishia konsonanti. Noc, rzecz (kitu), twarz (uso), krew (damu), wieś (kijiji), mysz (panya), sól (chumvi). Yanayoishia -ść kama miłość (upendo) na radość (furaha) karibu yote ni ya kike, ila gość (mgeni) na liść (jani) ni ya kiume, hao wawili wakumbuke. Hapa hakuna njia ya mkato kwenye umbo, lazima ulijue neno, lakini ipo njia ya mkato jikoni.

Fungua kabati la vyakula sasa hivi. Chumvi imeandikwa sól morska (ya baharini) au sól kamienna (ya mwamba), kivumishi kina -a, basi tayari pakiti yenyewe imekwambia sól ni ya kike, hauhitaji kitabu. Pembeni yake kuna pilipili manga, pieprz czarny mielony. Kahawa, kawa mielona. Kwenye friji kuna nyama ya kusaga, mięso mielone. Hiyo mielony ni "iliyosagwa", neno moja liko kwenye pakiti tatu na mikia mitatu, na unazishika kila siku unapopika! Juisi ya tufaha ni sok jabłkowy, maji yasiyo na gesi ni woda niegazowana, mkate wa shayiri nyeusi chleb żytni, unga wa ngano mąka pszenna. Na angalia jambo lingine, kwenye pakiti wanatanguliza jina halafu kivumishi, kama sisi, kwa sababu hapo kivumishi kinataja aina ya kitu. Ndo maana wanasema język polski kwa lugha ya Kipolandi. Kivumishi cha kusifia tu kinakaa mbele, dobra kawa, ładny dom (nyumba nzuri). Mimi nilibandika lebo za pakiti tupu kwenye mlango wa jiko mwaka wangu wa kwanza, na maneno hayo mpaka leo sijawahi kuyakosea.

SWALI: Nimejifunza kabisa czarna kawa. Nikaenda kwenye kaunta nikasema "Poproszę czarna kawa" (naomba kahawa nyeusi), binti akatabasamu akarudia "czarną kawę, tak?" Nilikosea wapi?
Msomaji, Gdańsk

JIBU: Kahawa ulipata, hilo la kwanza. Jinsia ulipatia, kilichobadilika ni kazi ya neno kwenye sentensi. Kahawa sasa inaombwa, inatendwa, na Kipolandi kinaonyesha hilo mkiani pia. Neno la kike linalotendwa, -a ya jina inageuka -ę na -a ya kivumishi inageuka -ą: czarną kawę, zimną wodę (maji baridi), sól morską hiyo sól haibadiliki ila kivumishi kinabadilika. Kutamka, hiyo -ą ya mwisho isemee puani karibu na "on", na -ę ya mwisho watu wengi wanaitamka kama "e" tu, "charnon kave".

Ukishaliweka hilo kichwani utapumua, maana neno la katikati halibadiliki hapo, poproszę świeże mleko (maziwa freshi). La kiume likiwa ni kitu halibadiliki pia, poproszę świeży chleb. Ila la kiume likiwa na uhai linabadilika: mam czarny samochód, nina gari jeusi, lakini mam czarnego kota, nina paka mweusi. Unashangaa? Usishangae, sisi tunasema "nimeona gari" inatosha, lakini "nimeona mwalimu" inasikika imepungua, tunataka "nimemwona mwalimu". Mwenye uhai akitendwa tunamwekea alama yake na wao wanamwekea yake. Na kwenye mazungumzo utasikia watu wakisema mam nowego laptopa kana kwamba laptopu inapumua, ndivyo wanavyoongea, ongea nao.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanamke, nafanya kazi ghalani shifti ya usiku, Kipolandi nimekiokota kwa wenzangu ambao wote ni wanaume. Juzi nilimwambia msimamizi mpya, ni mama mtu mzima, "jestem zmęczony" (nimechoka), akaniangalia akasema "zmęczona". Nikaona kama ananirekebisha tu. Kuna tofauti kweli au ni lafudhi?
Msomaji, Wrocław

JIBU: Marahaba dada, na pole na shifti ya usiku. Tofauti ipo, na kwa maoni yangu hapa ndipo mahali pagumu kuliko pote kwa mtu wa Kiswahili, kuliko meza, kuliko chumvi, kuliko hata hizo konsonanti za kusuguana. Kwenye ngeli sisi ni mafundi, ila hatujazoea kujitaja mwanamke au mwanaume tunapoongea. Nimechoka ni nimechoka, akisema mume akisema mke. Yeye ni yeye. Ukipokea simu ukasema "amefika" huwezi kujua ni nani mpaka utajiwe jina. Kipolandi hakikuachii hiyo nafasi, ukijisemea mwenyewe kivumishi kinakufuata wewe.

Kwa hiyo wenzako wako sahihi kwa midomo yao, zmęczony, głodny (mwenye njaa), gotowy (tayari), chory (mgonjwa). Wewe useme zmęczona, głodna, gotowa, chora. Na haiishii kwenye vivumishi, kitenzi cha wakati uliopita nacho kina mkia: mwanaume anasema byłem, zrobiłem (nilikuwa, nimefanya), wewe unasema byłam, zrobiłam. Ukienda ofisini au dirisha la tiketi ukitaka kuomba kwa heshima, mwanaume anasema chciałbym (ningependa), wewe chciałabym. Hiyo moja ishike vizuri, utaitumia kila wiki.

Yule mama hakukudharau, amekusaidia, mshukuru na umwombe aendelee. Nina rafiki yangu mmoja yeye ni mwanaume na Kipolandi kakipata kwa mkewe, alikuwa anasema byłam miezi mingi, na watu kwa adabu walikuwa wananyamaza, hakuna aliyemwambia. Tafuta mwanamke wa kuongea naye hata dakika kumi wakati wa mapumziko, siyo sarufi, mazungumzo tu, watoto wako vipi, ulipika nini, na kila anachojisemea wewe kirudie kimoyomoyo. Mdomo utajirekebisha kwa mwezi mmoja au miwili.

SWALI: Wingi je? Nasikia wingi ni rahisi, ni -e tu. Halafu nasikia dobrzy. Hiyo imetoka wapi?
Mwanafunzi, Poznań

JIBU: Waliokwambia -e tu wamekwambia zaidi ya nusu. Kwenye wingi makundi matatu yanakuwa mawili. Kundi moja ni la watu wenye mwanaume ndani yake, kundi la pili ni kila kitu kingine, wanawake, watoto, paka, madirisha, nyumba, wote wanakula -e: dobre studentki, dobre dzieci, czarne koty, nowe okna, nowe domy. Wakina mama kumi wamekaa pamoja ni -e, akija mzee mmoja akaketi nao wanakuwa kundi la wanaume, moi rodzice (wazazi wangu) kwa mfano, maana baba yumo. Ukiniuliza ni haki, sijui, ila ndivyo lugha ilivyo na ukikosea wanasikia.

Sasa hilo kundi la wanaume kivumishi chake kinageuza konsonanti. Dobry inakuwa dobrzy, młody (kijana) młodzi, wysoki wysocy, drogi drodzy, mały (dogo) mali, polski polscy. Inaonekana fujo, lakini chukua vitenzi vyako mwenyewe: penda, mpenzi. Pika, mpishi. Jenga, mjenzi. Iba, mwizi. Umeona? Ile i ya mwisho inavuta konsonanti iliyoitangulia, d inakuwa z, k inakuwa sh, g inakuwa z, na hakuna aliyewahi kukwambia ni ngumu. Kipolandi ni mvuto huo huo wa i, hata pale inapoandikwa y siku hizi kama wysocy zamani palikuwa na i. Młody, młodzi na penda, mpenzi ziandike ukurasa mmoja.

SWALI: Kuna vivumishi visivyobadilika kabisa?
Msomaji, Kraków

JIBU: Vipo vichache, kama sisi tulivyo na safi, ghali na hodari. Super haibadiliki, na rangi za kuazima kama bordo na khaki: sukienka bordo (gauni la rangi ya damu ya mzee), płaszcz bordo (koti), yote sawa.

SWALI: Habari za kazi. Mimi siko Ulaya, niko Arusha. Nimewahi kufika makaburi ya Wapolandi kule Tengeru na nikaona majina ya ukoo mengine yanaishia -ski na mengine -ska. Je ni koo tofauti au waliandika vibaya? Najifunza Kipolandi kidogo kidogo kwa sababu ya hayo makaburi.
Msomaji, Arusha

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na barua yako nimeisoma mara mbili. Si koo tofauti na hawakukosea. Majina ya -ski kwa asili ni vivumishi, kwa hiyo yanapatana na mwenye jina kama kivumishi kingine chochote. Baba ni Kowalski, mama na binti ni Kowalska, wakitajwa pamoja ni Kowalscy, ile ile ya wysoki na wysocy niliyomwambia mwanafunzi wa Poznań. Mwanasayansi Maria Skłodowska-Curie, aliyezaliwa Warszawa mwaka 1867, baba yake alikuwa Skłodowski. Mchezaji mpira ni Robert Lewandowski, mkewe ni Anna Lewandowska. Ila jina lisilo kivumishi kama Nowak, mwanaume Nowak, mwanamke naye Nowak.

Hao wa Tengeru walikuja mwaka 1942 na kuendelea, wakati wa vita. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na utawala wa Kisovieti kutoka makwao mwaka 1940 na 1941 wakapelekwa Siberia na Kazakhstan, walipoachiwa wakapitia Iran, wengine wakaletwa Tanganyika, Uganda na kwingineko Afrika. Tengeru peke yake ilikaa karibu watu 5,000, wengi wao wakina mama na watoto. Uganda walikuwa Koja kando ya ziwa na Masindi, ambako kanisa lao la Nyabyeya limesimama mpaka leo.

Ukirudi pale chukua muda. Makaburi ya Kipolandi mara nyingi huandikwa miaka aliyoishi marehemu, żył lat ikifuatiwa na namba kama ni mwanaume, żyła lat kama ni mwanamke, "aliishi miaka" kadhaa. Hata jiwe likiwa limeliwa na mvua na jina la kwanza halisomeki, ukibakiwa na ile -a ya mwisho kwenye żyła au kwenye -ska utajua aliyelala hapo ni mama au binti wa mtu.